Kutoka Tabora Hadi Kabanga: Safari ya Kumkumbuka Mama

Jumatano, 1 Oktoba. Tabora

Misa ya kumwombea Mama imesaliwa leo alfajiri katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresia. Mwaka umetimia. Alitutoka usiku wa kuamkia sikukuu ya msimamizi wa kanisa alilosali tangu aolewe, na tarehe 30 Septemba ndiyo siku aliyofariki Teresia mwenyewe, mwaka 1897, akiwa na miaka 24. Mama angefurahi kupangiwa siku hiyo. Alimpenda yule sista wa Lisieux kwa jambo moja, na alilisema akiwa ameinamia beseni la nguo: kwamba hata kuokota pini sakafuni kwa upendo, Mungu anakuona.

Msibani mwaka jana kaka yangu mkubwa alisoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa karatasi moja, kama ilivyo desturi. Amezaliwa 1951 Kasulu, akabatizwa, akapata Kipaimara, amefunga ndoa 1971, amejaliwa watoto saba, mmoja akatangulia. Alikuwa mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Kisha nusu nzima ya karatasi ikawa ya ugonjwa: alianza kusumbuliwa lini, akapelekwa wapi, akalazwa siku ngapi. Kaka alisoma vizuri na watu walilia. Lakini mtu ambaye hakumjua aliondoka pale akiijua figo ya Mama kuliko mikono yake. Ndiyo maana safari hii nimenunua kaunta buku. Ninampeleka Baba Kabanga, Kasulu, kwa Mama Mdogo, ambaye mwaka jana alikuwa kitandani na hakuweza kuja kumzika dada yake. Kila nitakachosikia njiani nitakiandika.

Nimeanza kuandika mapema kuliko nilivyotarajia. Baada ya Misa, akina mama wa jumuiya walitusindikiza hadi nyumbani Cheyo kunywa chai. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja nisiyemjua, amepanda basi toka Ulyankulu jana ili awahi. Ulyankulu ndiko walikopelekwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania. Akasema yeye alikuwa binti mdogo, amemsindikiza mama yake hospitali ya Kitete, uchungu wa kuzaa umekwama, Kiswahili hawana. Mama yetu alikuwa amempelekea mgonjwa mwingine uji. Aliposikia mwanamke analia kwa Kirundi, akageuka, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Akabaki pale kutwa akiwatafsiria. Mtoto alipozaliwa, akawachukua nyumbani, akawatandikia mkeka, wakakaa mpaka mzazi akapata nguvu.

"Tangu siku hiyo," akasema yule mama, "kila mgonjwa wetu aliyekuja Kitete aliambiwa: uliza kota za reli, yupo Muha."

Ninawakumbuka wale wageni. Miaka yote nilidhani ni ndugu zetu wa Kasulu, kwa sababu Mama aliwagawia vyakula kwa mpangilio uleule aliotugawia sisi, mgonjwa kwanza, mtoto wa pili, Baba wa tatu, na yeye akikwangua sufuria. Baba anasema alirudi toka zamu usiku akakuta watu wamelala sebuleni, akaruka miguu yao akaenda kulala. Hakuuliza. Nikamwambia, Baba, na wewe uandikwe.

Alhamisi, 2 Oktoba. Tabora, stesheni

Kutwa ya kufunga mizigo. Asali ya miyombo dumu moja, karanga, na matobolwa, kwa sababu Mama hakuwahi kwenda kwao bila matobolwa. Alijifunza kuyatengeneza kwa bibi yetu mzaa baba: viazi vitamu vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa juani mpaka vikauke kabisa, halafu unaweza kuvila mwezi wa pili wakati ghala la jirani limekwisha. Bibi alimkubali mkwe wake Muha siku alipoyaonja.

Tabora mwezi huu ni joto na vumbi. Mvua bado. Treni imechelewa kutoka Dodoma, na Baba amekaa kwenye benchi la stesheni ameweka mikono juu ya fimbo. Alikuwa gadi wa treni. Aliajiriwa wakati reli ikiwa ya Afrika Mashariki, akaiona ikivunjika 1977 na kuwa TRC, Shirika la Reli Tanzania, akastaafu 2006. Reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, na ananitajia hayo kama mtu anayetaja umri wa wajomba zake. Tumepanda usiku.

Ijumaa, 3 Oktoba. Njiani, kisha Kigoma

Sikulala, na sijutii. Baba si mzungumzaji, lakini behewa linapoanza kutikisika ulimi wake unalegea. Tulipopita Usoke alikuwa ameshaanza, na tulipofika Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka kushoto, alikuwa hasimami.

Alimwona Mama Kigoma. Treni ikifika Kigoma, wafanyakazi walipumzika hadi zamu ya kurudi. Mama alikuwa amekuja kukaa kwa shangazi yake, akiuza ndizi mbivu karibu na stesheni. Baba akanunua ndizi, akatoa noti kubwa, chenji haikutosha. Mama akamwambia rudi kesho uchukue. Kesho yake Baba alikuwa njiani kwenda Tabora. Aliporudi wiki iliyofuata, chenji ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kanga, senti kwa senti, haijaguswa. "Nikasema huyu," akasema Baba, "huyu atanitunzia mshahara."

Kikwazo kilikuwa dini. Baba ni mtoto wa Wamoravian wa Sikonge, na babu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Shangazi yake Mama hakutaka kusikia. Padri ndiye aliyewatuliza. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alikuwa ametoa utaratibu mpya wa ndoa za mseto: upande wa Mkatoliki ndio unaoahidi kushika imani yake na kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa humo, na yule mwingine anajulishwa tu ahadi hiyo, haahidi. Wakapata ruhusa ya askofu. Kwa hiyo siku ile Mama aliahidi, Baba akasikiliza.

Hapa ndipo nilipotaka kuandika kwa makini. Miaka kumi na tisa waliishi hivyo. Jumapili Mama anaondoka na sisi, tumepakwa mafuta mpaka magoti, Baba kama hana zamu anakwenda kwao Wamoravian, na wakirudi wote wanakula meza moja. Nilimuuliza Baba kama Mama aliwahi kumshawishi. Akafikiri mpaka treni ikapita kituo kizima.

"Hapana. Hata mara moja. Alikuwa ananipigia pasi shati la kwenda kwetu vizuri kuliko alivyopiga gauni lake la kwendea kwao."

Mwaka 1990, katika mkesha wa Pasaka, Baba akapokelewa katika Kanisa Katoliki na kupata Kipaimara. Kubatizwa upya hakuhitaji, ubatizo wake wa Kimoravian ulitosha, na Mama alisisitiza sana jambo hilo kwa majirani waliosema "amebatizwa". Hakupenda mtu aubeze ubatizo wa mama mkwe wake. Miezi michache baadaye, Septemba, Papa Yohane Paulo II alipozuru Tanzania, Tabora ilikuwa moja ya vituo vyake. Mama alitembea na akina mama wa parokia tangu usiku kwenda kumwona, na safari hii mumewe akiwa naye pembeni, amebeba mtoto mgongoni mbele ya watu. Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa sijawahi kuambiwa.

Mto Malagarasi tuliuvuka gizani. Baba aliujua kwa mlio wa magurudumu darajani. Kukapambazuka tukikaribia Uvinza, mahali penye visima vya maji ya chumvi ambavyo watu walivichemsha chumvi tangu kabla ya misafara ya pwani. Kinamama wanauza chumvi kwenye vifuko dirishani. Nikanunua. Mama alikuwa akisema chumvi nyingine zote zinachacha mboga. Sidhani kama ni kweli, lakini nimenunua viwili.

Hapo Uvinza ndipo Baba aliponieleza habari za Msagali. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa mlima huko Dodoma, ikarudi nyuma, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 200. Baba alikuwa nyumbani, si zamu yake, lakini kota nzima ya reli ilikuwa na watu kwenye kazi na simu za mkononi zilikuwa za wachache. Wake za wafanyakazi walianza kuja kwetu mmoja mmoja, hakuna aliyewaita. Mama jambo la kwanza aliinjika sufuria kubwa ya maharage. Mtu mmoja akamkaripia, mama, wakati huu wa kupika? Akajibu kwamba watakaa hapa mpaka usiku na wana watoto. Kisha akakaa chini akatoa rozari.

"Siku ile ilikuwa Jumatatu," Baba akasema, "Jumatatu kwenye rozari ni matendo ya furaha. Akasema, leo Mama Maria atatuelewa, tunasali ya uchungu."

Walisali ya uchungu, wakala maharage, wakasali tena. Habari za uhakika zilianza kuja kesho yake. Kulikuwa na nyumba zilizopona na nyumba ambazo hazikupona, na mmoja wa wajane wa siku ile alikuwepo kanisani juzi, ameshika mkono wa Baba muda mrefu bila kusema neno.

Kigoma tumeingia jua likiwa juu. Nimechoka kuandika. Niongeze tu kwamba leo ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Mama hakuikosa Misa kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu isipokuwa akiwa amejifungua. Tuliteremsha mizigo kwa binamu wa Mama hapa Mwanga, na Baba akaniambia twende jioni. Tukaenda.

Jumamosi, 4 Oktoba. Kigoma

Asubuhi Kibirizi, kwenye mwalo. Nilitaka dagaa wabichi lakini ni wachache na bei imepanda, kwa sababu mwezi unakaribia kuwa mpevu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa taa za betri na sola, na mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga, samaki hawana sababu ya kuifuata taa yako. Wavuvi wametandaza nyavu wanashona. Tumepata migebuka.

Sokoni Mwanga nilinunua mawese. Muuzaji, bibi wa makamo ya Mama Mdogo, alinionjesha kwa kijiko kabla sijaomba. Mawese mazuri hayawashi kooni. Mama alikuwa anaagiza dumu kutoka hapa kwa gadi yeyote aliyekuwa zamu ya Kigoma, na dumu hilo lilikuwa siri ya nyumba yetu miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera, 1979 na kuendelea, maduka ya serikali ya RTC yalikuwa na rafu tupu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa yanga wa msaada. Nilikuwa bado sijazaliwa, lakini dada zangu wanasimulia mpaka harufu unaisikia: Mama anachoma maganda makavu ya ndizi, anachuja maji kwenye majivu yake, anayachemsha pamoja na mawese kwenye pipa la kukata, anakoroga kwa mti mrefu tangu asubuhi. Sabuni ikiganda anaikata kwa uzi. Kota nzima ya reli ilifua kwa sabuni hiyo. Hakuiuza. Dada yangu aliwahi kumwambia auze, tungepata viatu. Mama akajibu kuwa anayeiuza anachagua wa kumwuzia, na yeye hana muda wa kuchagua.

Nimepika leo mwenyewe, kwa binamu, migebuka ya mawese na ugali wa muhogo. Nimekaa kwenye kigoda nikagundua ninahesabu. Mama hakuwa na saa jikoni, alipika kwa rozari. Mawese yakipata moto, fungu moja, yaani Salamu Maria kumi, mpaka yapoteze ule ubichi. Kitunguu, fungu jingine. Samaki wakiingia, mafungu matatu kwa moto mdogo, na hapo husimami kugeuza hovyo. Wali ulikuwa rozari nzima na litania. Maharage ya Kasulu, yale ya rangi mbili, yalikula matendo yote ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, na kama ni ya mwaka jana yakadai tena ya furaha. Ndiyo maana Papa alipoongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002, Mama alifurahi kwa sababu zake za kiroho, na pia akasema sasa kuna kitu cha kuivishia makongoro.

Nilipokuwa shule nilidhani anasali ili muda upite. Sasa nina jiko langu na watoto wangu, ninaona ilikuwa kinyume. Kazi ilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuwa na saa ya kukaa na kusali peke yake, basi akaifanya kazi yenyewe iwe ndiyo ile saa. Kila fungu lilikuwa na mtu wake. La mawese la mtoto aliye mbali, la kitunguu la mgonjwa, la samaki la Baba na abiria wake wote. Tulijua. Mtu akipita jikoni Mama alinyanyua kidole kumwambia subiri, namalizia la fulani. Sijawahi kuona mtu akimkatiza.

Mwaka 2015 Kanisa liliwatangaza watakatifu wazazi wa Teresia, Louis na Zélie Martin, mume na mke pamoja, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla. Zélie alikuwa mama wa watoto tisa, akazika wanne. Padri alipolihubiri hilo Tabora, Mama alirudi nyumbani kimya, akaniuliza kwenye simu kama mimi niliyesoma ninajua Zélie alikuwa anapika nini. Sikujua. Najua tu kwamba alifuma lesi. Akasema basi na huyo alikuwa na kitu mkononi.

Jioni tulikwenda kanisa la Bikira Maria Mshindaji, mahali walipofungia ndoa. Baba alinionyesha alipokuwa amesimama. Hakuna la kuongeza.

Jumapili, 5 Oktoba. Kigoma na Ujiji

Misa ya kwanza, halafu Ujiji kwa miguu ya pole na daladala. Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe tunaowaita, walifika Ujiji Januari 1879, baada ya msafara wao wa kwanza kuondoka pwani mwaka uliotangulia. Baba alitaka tu kukaa chini ya miembe. Amechoka na hali chakula vizuri. Nimemlazimisha uji. Tumelala mapema.

Jumatatu, 6 Oktoba. Kigoma hadi Kasulu

Basi dogo, limejaa. Mwandiga, Kidahwe, kisha milima. Baba kiti cha dirishani, mimi nimepakata dumu la mawese na mfuko wa samaki wakavu. Barabara ni ya lami, ile safari ambayo Mama alituambia iliwachukua kutwa na lori la mihogo sasa inaisha kabla watoto hawajalala usingizi wa pili. Kadiri tunavyopanda, hewa inapoa. Tulipokaribia Kasulu mvua ikatupokea. Mvua ya kwanza. Baba akafungua dirisha kwa makusudi, kondakta akalalamika, abiria wazee wakamtetea.

Mama Mdogo alikuwa barazani kwenye kiti, blanketi magotini. Nikapiga magoti, "Shikamoo Mama Mdogo." Hakuitikia mara moja. Alikuwa anamwangalia Baba akipanda ule mteremko wa matope na fimbo yake. Alipofika, akamwambia, "Shemeji, umekuja peke yako." Wakalia wote wawili, kwa sauti, kama ilivyopaswa kuwa mwaka jana. Majirani walikuja kusimama uani na kulia nao. Nadhani ndicho tulichokijia, mengine yote ni nyongeza.

Usiku, pembeni ya moto, nikatoa kaunta buku. Mama Mdogo hakuelewa kwa nini ninaandika. Nilipomweleza habari ya wasifu, akanyamaza, kisha akaanza kusema haraka haraka mpaka nikashindwa kumfuata.

Baba yao, babu yangu, alikwenda manamba, kama wanaume wengi wa Uha wa wakati ule, akapanda treni kwenda kukata mkonge. Akarudi mara mbili, mara ya tatu hakurudi. Mama alikuwa amemaliza darasa la nne na alikuwa kwa masista, anajifunza kushona na kusoma, na alikuwa ameshasema anataka kuwa mtawa. Kisha bibi akafa kwa uzazi. Wadogo walikuwa wanne, na Mama Mdogo ndiye wa mwisho, wa siku chache.

"Sista alikuja hapa," Mama Mdogo akasema, "pale ulipokaa wewe. Akamwambia dada, watoto tutawapeleka kwa ndugu mbalimbali, wewe endelea na wito. Dada akasema, sista, nimeusikia wito, uko ndani umelala kwenye ungo. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye ungo."

Alimlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama. Aliwalea wote mpaka yule kaka aliyemfuatia akaoa, nyumba ikapata mwanamke mwingine. Hapo ndipo alipokwenda Kigoma kwa shangazi, kuuza ndizi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alishawahi kuwa mama wa watoto wanne.

Nikamtazama Baba. Alikuwa anajua kuhusu wadogo zake Mama. Habari ya utawa hakuijua. Alikaa kimya, akageuza kuni.

"Hakuniambia," akasema.

"Angekuambia nini shemeji," Mama Mdogo akajibu. "Alikuwa hajuti."

Jumanne, 7 Oktoba. Kabanga

Sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Inatokana na ushindi wa Lepanto, 7 Oktoba 1571, ambao Papa Pius V aliuhusisha na rozari zilizosaliwa siku ile, na mwanzo iliitwa ya Bikira Maria wa Ushindi. Lakini wanawake niliowakuta kanisani Kabanga asubuhi hii hawakuja kwa ajili ya vita vya majini. Walikuja kwa sababu Oktoba ni mwezi wao, wanapokezana sanamu ya Bikira Maria nyumba kwa nyumba katika jumuiya, na leo jioni inalala kwa Mama Mdogo.

Tulimbeba Mama Mdogo kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia. Padri alitaja nia ya Misa, jina la ubatizo la Mama, ambalo ni lile la bibi yake Yesu, na jina la ukoo wake wa kwao, ambalo Tabora hakuna aliyelitumia. Nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akishusha pumzi, "Kumbe yule." Baada ya Misa akanifuata. Alikuwa katekista miaka mingi, sasa haoni vizuri. Akanieleza kwamba Mama, akiwa binti na kaya ya watu watano mgongoni, ndiye aliyewafundisha sala watoto wa kilima chao wakati katekista alipougua, kwa sababu alikuwa akienda kuchota maji pamoja nao. Walijifunza Baba Yetu wakiwa na mitungi kichwani. Mmoja wa watoto hao ndiye aliyesimama sasa mbele yangu.

"Mimi nimefundisha ukatekista maisha yangu yote," akasema. "Nimefundishwa na yeye, kisimani."

Nimeliandika neno kwa neno. Kisha akaniomba nimsomee yote niliyoyaandika tangu Tabora. Tulikaa chini ya mkaratusi, watu wakaongezeka, nikasoma ya Ulyankulu, ya chenji kwenye ncha ya kanga, ya sabuni. Walinirekebisha. Mbuzi hakuwa wetu, alikuwa wa jirani, na jirani huyo ana mjukuu hapahapa, jina lake liandikwe. Ungo ulikuwa wa kupepetea ulezi. Mama mmoja akataka niongeze kuwa Mama alikuwa mkali, maana alimchapa kwa kumwaga maji ya mgonjwa. Nimeongeza.

Chakula kilikuwa sombe, yaani kisamvu, kwa mawese yetu, ugali, na wale migebuka. Baba amekula mara mbili. Baada ya chakula akasimama, akasema mbele ya wote kwamba angependa kila mwaka tarehe hii isaliwe Misa hapa, yeye atatuma fedha, na akiwa hai atakuja mwenyewe. Mama Mdogo akamwambia akae.

"Kutuma utatuma, shemeji. Lakini mvua imekuja jana na mimi sina mgongo. Kesho tunapanda maharage, jembe la dada lipo darini. Na huyu binti yako tiketi yake ya kurudi ni ya lini?"

Nikasema ya Alhamisi.

"Ibadilishe."

Nimempigia simu mume wangu Dodoma. Ninabaki mpaka Jumapili.